Kitambaa Shingoni mwa Chupa

Nilimnyang'anya faneli. Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe, ukapita juu ya chupa zilizopangwa kwenye benchi la saruji, ukaichomoa ile faneli ya bluu kwenye mdomo wa chupa aliyokuwa akiijaza, na kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeirusha uani, ikaangukia kwenye majani walipokuwa wamelala mbuzi. Dawa ikammwagikia vidoleni. Mtoto wangu aliyekuwa mgongoni akaamka na kuangua kilio.

"Wewe iko wazimu?" akauliza yule mwenye dirisha la dawa.

"Leo ndiyo," nikamwambia. "Leo mimi iko wazimu. Rudisha kitambaa yangu."

Miguuni pake palikuwa na karai, na ndani ya karai vilikuwamo vitambaa vya watu. Utepe mwekundu. Kamba ya kiatu. Kipande cha katani. Na kipande cha kitenge chenye ndege wa njano, ambacho mama yangu alikirarua mwenyewe kutoka kwenye vazi lake la zamani, akishikilia upande mmoja kwa meno kwa sababu mikono ilikuwa haina nguvu tena. Vyote vilikuwa vimekatwa kwa mkasi. Chupa zenyewe zilibaki zimesimama benchini, nane, uchi, zinafanana kama mayai ya kuku mmoja.

"Hii ni uchafu tu," akasema. "Mkubwa alisema tufanye usafi."

"Uchafu hiyo ndiyo jina ya mama yangu. Bila hiyo utajua chupa yake ni ipi?"

"Si nilikwambia nakumbuka?"

Alikuwa ameniambia, kweli. Wiki mbili kabla ya hapo alisema neno hilohilo, amesimama palepale, na mimi nikalikubali nikaenda nyumbani na chupa. Ndiyo maana nilirusha faneli. Wengine wanasema ningeongea vizuri. Niliongea vizuri asubuhi ya siku hiyohiyo, na nitaeleza.

Mama yangu ana kansa ya mlango wa kizazi. Hospitali kubwa ya Arua walimpima, wakampima tena, halafu muuguzi mmoja akatuita kando, akaketi chini pamoja nasi badala ya kusimama, nikajua. Alisema ugonjwa umekwisha kupita mahali pa kukata. Lakini maumivu, alisema, maumivu tunaweza kuyafunga kamba. Mama akamuuliza, "Kamba yenu iko ndefu?" Muuguzi akacheka. Akasema ni ndefu, ila lazima aishike mtu mwenye akili.

Mwenye akili nikawa mimi, kwa kuwa nimesoma hadi kidato cha nne na kwa kuwa ndugu zangu wengine wako mbali. Nilifunga chumba changu Koboko mjini, nikahamia kwa mama huko Lobule, mtoto wangu akiwa na miezi minne. Mume wangu anafanya kazi ya karatasi za malori Oraba, mpakani, anakuja Jumapili akipata nafasi.

Dawa yenyewe inaitwa mofini. Ni maji, inanywewa kwa kijiko. Iko ya aina mbili. Ile kali ina nguvu mara kumi ya ile nyepesi, yaani kijiko kimoja cha kali ni sawa na vijiko kumi vya nyepesi. Kawaida wanaitia rangi ili mtu asikosee: kijani ni nyepesi, nyekundu ni kali. Muuguzi wa Arua alinishika kiganja akanichorea kwa kalamu: kijani, kijiko kimoja, kila baada ya saa nne. "Hii dawa ni rafiki," alisema, "lakini ni rafiki anayetembea na panga. Ukimjua hakuumizi. Usimpe mgongo." Akaniandikia na namba ya simu kwenye kadi. Kijiko nilichotumia ni kile cha plastiki kilichokuja na dawa ya kikohozi ya mtoto, chenye mstari wa kipimo.

Ili tusisafiri kila mara hadi Arua, tuliandikishwa kuchukua dawa kwenye kituo cha afya karibu na kwetu. Sitakitaja. Kila Alhamisi ya pili ndiyo siku ya chupa. Unakuja na chupa yako mwenyewe, ile ya maji ya kunywa ya dukani, imeoshwa na kukaushwa, wanakujazia. Na kwa sababu kwetu mtu akiwahi mahali huacha kitu kishike nafasi yake, jiwe, au kandambili, au daftari la kliniki, siku hiyo chupa zenyewe ndizo zinazopanga mstari. Wewe unaiweka benchini, unakwenda kutafuta kivuli. Mwenye dirisha la dawa alizoea hivyo, na sisi tukazoea. Akimaliza kazi nyingine anatoka na madumu mawili, moja la nyepesi na moja la kali, na faneli, anapita benchi zima akijaza, daftari chini ya kwapa. Halafu anaita watu.

Chupa zote ni za aina moja. Kwa hiyo kila mtu alifunga alama shingoni mwa yake. Hakuna aliyetufundisha. Mama alipoona kitambaa chake cha ndege alifurahi. "Hata kama mimi nakufa," alisema, "ndege yangu itajua njia ya kurudi nyumbani."

Kisha rangi ikaisha. Sijui iliishia wapi, wala hatukuambiwa. Mwezi mmoja kijani ilikuwa kijani hafifu, uliofuata dawa ikaja nyeupe kama maji ya mvua, nyepesi na kali vilevile. "Ni ileile," tuliambiwa dirishani, "rangi ni ya kupendeza macho tu." Chupa ya mofini na chupa ya maji ya mtoto wangu zikawa hazina tofauti isipokuwa kile kitambaa. Niliiweka ndani ya kikapu nikakining'iniza kwenye boriti, mahali ambapo mimi mwenyewe nilihitaji kusimama juu ya kinu ili nifike. Mara mbili niliota mtoto amejua kupanda.

Alhamisi ile, wiki mbili kabla ya siku ya faneli, nilikuwa kivulini ninanyonyesha. Nilimwona mwenye dirisha akitoka na mkasi. Nilimwona akikata alama moja baada ya nyingine, akizitupa. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami, mwenye baiskeli, akasimama kidogo. Yake ilikuwa kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Akauliza, "Daktari, sasa tutajua vipi?" Kila mtumishi pale anaitwa daktari.

"Mzee, kaa. Mimi nakumbuka. Kila mtu na nafasi yake kwenye laini."

Mzee akakaa. Mimi nikaendelea kunyonyesha. Nilinyamaza kimya, mtu niliyesoma, mtu niliyechorwa kiganjani kwa kalamu. Hilo nalo naliandika hapa, kwa sababu siwezi kuandika makosa ya wengine nikaruka langu.

Ijumaa alfajiri, saa kumi na mbili, nilimpa mama kijiko cha kwanza kutoka chupa mpya. Akakunja uso.

"Dawa ya leo iko na hasira," akasema.

"Hasira ya nini?"

"Chungu. Chungu kabisa. Wewe umeipikia nini?"

"Mama, wewe kila siku unasema chungu."

"Kila siku inanung'unika. Leo inapiga kelele."

Nikacheka. Akalala. Alilala vizuri kuliko siku yoyote tangu nihamie pale, bila kukunja magoti, bila kusaga meno, na mimi nikafua nguo za mtoto nikiimba. Saa nne nikamwamsha kwa kijiko cha pili. Aliamka kwa shida. Alifungua kinywa kama mtoto anayelishwa usingizini, akameza, akarudi chini. Nikajiambia: amechoka, acha apumzike. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshika kichwa.

Wakaja wanawake wawili wa jirani kumtazama, na shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Walisimama mlangoni wakanong'ona. "Tazama uso wake umetulia," shangazi akasema. "Mungu anamwandaa." Wakavua viatu. Wakaanza kusali polepole, na sauti yao ilikuwa nzuri, na jua lilikuwa limeingia mlangoni hadi miguuni mwa mama, na kuku walikuwa wakitembea kama kawaida. Hakuna kitu kilichoonekana kibaya. Nakumbuka hilo zaidi ya yote. Nyumba nzima ilikuwa imeridhika.

Kilichonishtua ni kimya. Nilikuwa nimezoea pumzi ya mama kama mtu anavyozoea saa ya ukutani, na sasa kati ya pumzi na pumzi palikuwa na nafasi ambayo mtu angeweza kutembea ndani yake.

Mtoto wangu aliwahi kuugua kifua. Mhudumu wa afya wa kijiji alikuja na kunifundisha kuhesabu pumzi: fungua shati, tazama tumbo, weka simu ihesabu dakika moja, usiseme na mtu. Zikiwa nyingi, kimbia hospitali. Sasa nilifungua blauzi ya mama. Nikaweka simu. Shangazi akasema, "Acha watu wasali!" Kwa mtoto tulikuwa tunaogopa nyingi. Kwa mama nilihesabu sita.

Nikahesabu tena. Sita.

Nikafunua jicho lake kwa kidole. Mboni ilikuwa imekuwa ndogo kama tundu la sindano.

Nikapiga ile namba ya kwenye kadi. Muuguzi wa Arua hakuniuliza habari. Alisema, "Mwite kwa jina lake, si mama. Kwa jina. Mketishe. Akisahau kupumua, mkumbushe. Usimpe tone lingine. Njoo naye, na chupa, usisahau chupa."

Gari lililopatikana lilikuwa pikapu iliyobeba mihogo kwenda Arua. Tulimlaza juu ya magunia, kichwa kikiwa kifuani pangu, mtoto akabaki na jirani. Barabara yote nilimpiga mama yangu. Nilimpiga nyayo, nilimfinya masikio, nilimwita jina lake la ukoo ambalo mtoto hapaswi kulitamka. Pumua. Akapumua. Pumua. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Dereva alikuwa akitutazama kwenye kioo, na watu wa kando ya barabara walisimama kuona msichana anampiga mgonjwa hadharani. Mmoja alipaza sauti, "Muache mama ya watu!" Sikuweza hata kumtukana.

Hospitalini walimchoma sindano. Ilifanya kazi upesi kuliko nilivyoweza kufurahi. Mama alifungua macho, akanitazama, akavuta pumzi ndefu, na ile pumzi ilipotoka ilitoka kama kilio. Sindano ile inaondoa mofini yote mwilini, mbaya na nzuri. Kila uchungu tuliokuwa tumeufunga kamba kwa miezi ulifunguka kwa mara moja. Alilia hadi sauti ikakatika. Nilimshika nikiwa nashukuru Mungu kwamba analia. Sitaki kujua tena shukrani ya namna ile.

Muuguzi akachukua chupa yangu, akachovya ncha ya kidole, akaonja, akatema, akasukutua. Akaniuliza nilimpa vijiko vingapi. Nikasema viwili, kimoja kimoja. Akaniuliza kijiko kiko wapi. Nilikuwa nacho ndani ya sidiria. Akakiangalia mstari wake, akakirudisha mkononi mwangu na kunifunga vidole juu yake.

"Kijiko chako hakina kosa," akasema. "Hii ni kali. Umebeba chupa ya mtu mwingine."

Na papo hapo swali likaingia kichwani na halikutoka: basi huyo mtu mwingine amebeba ya nani?

Baada ya siku nne tulirudi Lobule na chupa mpya, imeandikwa jina la mama, aina ya dawa na kipimo, kwa wino usiofutika. Maneno yalikuwa yamefika kabla yetu. Shangazi alikuwa amekwisha kusimulia kwamba nilimzidishia. Kisimani waliponiona, mmoja akasema kwa upole ambao ni mbaya kuliko tusi, "Binti, kuuguza ni kazi ngumu. Hata mimi ningechoka." Nikajaza mtungi wangu. Kuanzia siku hiyo kila nilipomimina kijiko cha mama nilikiinua kwenye mwanga niuone mstari, na kila alipolala nilifungua blauzi yake nikahesabu. Nikisikia analia nilijua ananihitaji nimpe dawa. Akinyamaza nilijua nimemuua. Mtu anaishi vipi kati ya hayo mawili?

Mama alinitazama nikimimina, nikirudisha, nikimimina upya.

"Leta," akasema. "Mimi hapana ogopa kufa. Mimi naogopa wewe kuogopa."

Ndipo ikafika Alhamisi ya faneli. Nilifika wa kwanza. Nilisimama dirishani, mtoto mgongoni, na nikasema kwa heshima zote nilizofundishwa: kaka, wiki mbili zilizopita chupa zilichanganyika, mama yangu alipewa ile kali, nusura afe, Arua wamethibitisha. Naomba leo usikate alama za watu.

Hakunyanyua kichwa kutoka kwenye daftari. "Wewe ulimpa vijiko vingapi?"

"Kimoja. Kila saa nne."

"Nyinyi kina mama mnapima kwa macho, halafu mnaleta maneno hapa."

"Kijiko hiki hapa. Kiangalie."

"Nimesikia, sista. Nimesikia. Weka chupa kwenye laini."

Sista. Ananiita sista. Nikaweka kwenye laini chupa nyingine tupu ya dukani, kwa kuwa ile ya Arua ilikuwa bado na dawa, kitambaa cha ndege, kile nilichokiokota kilipokatwa mara ya kwanza, kikiwa kimefungwa mafundo mawili, nikaenda kivulini.

Mzee wa baiskeli alikuwepo. Chupa yake haikuwa benchini, alikuwa ameishika mapajani, tupu nusu. Nikamwamkia, nikamuuliza hali ya mgonjwa wake, ambaye alikuwa mkewe.

"Tulizika Alhamisi iliyopita," akasema. "Nimerudisha hii. Walisema dawa hii hapana rithi."

Nikampa pole. Akachezea kifuniko. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na chupa:

"Mwaka mzima ilikuwa inamshika vizuri. Ile kali. Anakunywa, anakaa, ananicheka vile napika. Hii ya mwisho ilikataa. Nampa kijiko, analia. Nampa kingine, analia. Siku sita. Mimi nasema labda Mungu amefunga. Binti zangu wanasema hapana, ni mtu amefanya kitu. Wanasema ni mke wa ndugu yangu. Sasa mimi na ndugu yangu hatusalimiani."

"Mzee," nikamuuliza, "alama yako ile, mpira wa baiskeli. Siku ile ya mwisho, ulirudishiwa nao?"

"Walikata. Si wewe uliona? Walinipa chupa tu."

Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia. Ndipo nikasikia mkasi. Sauti ndogo kabisa, kama ya fundi cherehani. Nikageuka, na kitambaa cha ndege kilikuwa kinaangukia ndani ya karai. Nilipofika benchini alikuwa amemaliza kukata zote na kuanza kujaza.

Hayo mengine mnayajua.

Baada ya faneli, alifunga dirisha. "Huyu hakuna dawa leo," alisema akinielekezea kidole, "na kama mnataka kulaumu mtu, mlaumu yeye, kwa maana sasa sina faneli." Wenye chupa walinilaumu. Mama mmoja, ambaye mtoto wake mkubwa ana kansa ya mfupa, alinishika mkono na kuniambia taratibu, "Dada, hasira yako nani atainywa? Mwanangu?" Niliingia kwenye majani, nikawafukuza mbuzi, nikaichukua faneli, nikaiosha bombani, nikaiweka mlangoni kwake. Halafu nikakichukua kitambaa changu na chupa yangu, nikaondoka.

Mzee alinifuata akisukuma baiskeli. Njiani, kwenye mashamba ya mtama, nilimwambia yote. Nilimwambia nikitazama gurudumu.

"Basi mama yako alikunywa ya mke wangu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mzee."

"Na mke wangu alikunywa ya mama yako."

"Ndiyo."

Tukatembea. Nilingoja anitukane, maana nilistahili angalau kidogo.

"Mama yako iko hai?"

"Iko hai."

"Hiyo ni mzuri," akasema. Akasimama, akainama kukaza spoku ambayo haikuwa imelegea, akaikaza kwa muda mrefu sana. "Basi lazima niende kwa ndugu yangu leo," akasema akiwa bado ameinama. "Nimpe mkono."

Mume wangu, nilipompigia Oraba, aliniambia niache. Nyuma yake malori yalikuwa yakipiga honi. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," alisema. "Dirisha ni moja. Ukiandika barua, kesho utachukua dawa wapi?"

"Na kama mkunga anaua wazazi?"

"Mimi nasema tu."

"Na mimi nasikia tu."

Lakini hakusema uongo, na ndicho kilichonikosesha usingizi. Chupa ya Arua ilikuwa imebaki na dawa ya siku mbili. Muuguzi wa Arua alikubali kutujazia safari hii, akaniambia waziwazi kwamba hataweza kila mara, kwa kuwa karatasi zetu ziko Koboko na sheria ya dawa hii ni kali kama dawa yenyewe. Alisema atapeleka taarifa yake kwa njia yake. "Ila taarifa yangu ni ya mtumishi," akasema. "Ya mwenye mgonjwa inasomwa tofauti. Andika."

Niliandika siku tatu. Nilianza na matusi, nikayachana. Nikaandika ukurasa wa kuomba msamaha kwa kurusha faneli, nikauchana pia, nikabakiza sentensi moja. Mama alikuwa anasikiliza kitandani nikimsomea. Nilipofika mahali pa hasara niliyopata, akanikatiza: "Weka na ya mke ya yule mzee. Yangu peke yake watasema ni bahati mbaya."

Nilikwenda kwa mzee. Ndugu yake ndiye aliyetuletea viti. Nilimsomea mzee barua, akanifanya nirudie sehemu ya siku sita, kisha akauliza wino uko wapi.

Karani wa ofisi ya afya ya wilaya alisema malalamiko yaandikwe kwa Kiingereza. Niliyaandika kwa Kiingereza, nakala mbili, na nikasimama mbele yake hadi akanigongea muhuri kwenye ile nitakayobaki nayo. Hapa nayaweka kwa Kiswahili, lugha tuliyogombana kwayo.

Kwa Afisa wa Afya wa Wilaya. Yah: Kuchanganywa kwa dawa ya mofini siku ya chupa.

Mimi ni binti na muuguzaji wa mgonjwa wa kansa anayechukua mofini nyepesi katika kituo kilichotajwa kwenye kiambatisho. Siku ya chupa, mtoaji dawa alikata alama zote tulizofunga kwenye chupa zetu, akajaza kwa kufuata mstari wa benchi, na kutoa kwa kumbukumbu ya kichwa. Dawa wakati huo haikuwa na rangi. Chupa niliyopewa ilikuwa na mofini kali. Mama yangu alikunywa vijiko viwili akaacha kupumua vizuri, akaokolewa Arua. Barua ya hospitali nimeiambatisha. Chupa iko kwao.

Mwenye sahihi ya pili ni mume wa mgonjwa aliyestahili mofini kali. Alipewa nyepesi. Mkewe alilia siku sita, akafa akilia. Familia ilidhani ni uchawi, na ndugu wakaacha kusalimiana. Hakuna aliyewaambia ukweli isipokuwa mimi, na mimi si mtumishi wenu.

Nilimwarifu mtoaji dawa kwa mdomo asubuhi ya siku ya chupa iliyofuata. Kabla ya saa sita alikata alama tena. Nilirusha faneli yake. Hilo nakiri, na faneli niliirudisha ikiwa safi.

Naomba kila chupa iandikwe jina la mgonjwa, aina ya dawa na kijiko chake kabla haijajazwa, na isomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe anapokabidhiwa. Naomba chupa isijazwe mwenyewe asipokuwepo. Naomba dawa isiyo na rangi isitolewe dirishani bila maandishi. Naomba familia zote saba nyingine zilizokuwa na chupa kwenye benchi siku ile zitafutwe na kuulizwa, kwa kuwa nazijua chupa mbili tu zilizopotea njia, na sijui kama zilikuwa mbili tu.

Nimeambiwa kwamba nikilalamika mama yangu atanyimwa dawa. Kwa hiyo naandika hapa, ili isemwe kwamba mlijua: dawa yake itakwisha Jumatano. Alhamisi asubuhi nitakuwa benchini, nimekaa karibu na chupa, na kitambaa kitakuwa shingoni mwake.

Sahihi: binti wa mgonjwa.

Dole gumba: mume wa marehemu.